Rufaa ya Fidia ya Ulemavu: Kutoka Kuomba hadi Kuthibitisha

Barua ya kiofisi ya Kiswahili ina umbo ambalo karibu kila aliyemaliza shule ya msingi Tanzania analijua: anwani mbili, tarehe, YAH kwa herufi kubwa, kisha "Husika na kichwa cha habari hapo juu", kisha "Mimi mtajwa hapo juu ninaomba", na mwisho "Natanguliza shukrani zangu za dhati". Umbo hilo linatosha kuombea ruhusa, kazi au nafasi ya mtoto shuleni, kwa sababu katika mambo hayo mwenye ofisi ana hiari ya kutoa au kunyima. Fidia ya ulemavu haiko hivyo. Afisa anayepitia dai la mtu aliyeumia mgongo kwa kuangukiwa na belo la mitumba hakuwekwa pale ili ahurumie au asihurumie; ana masharti ya sheria mbele yake, na kazi yake ni kuangalia kama karatasi zilizomo kwenye faili zinayajibu masharti hayo. Dai la kweli kabisa linaweza kuangukia pua likiwa limeandikwa kwa adabu zote, na sababu ikawa ni kwamba barua ilieleza shida bila kujibu swali lililoulizwa. Ninachodai hapa ni kwamba maelezo ya maandishi ya rufaa hupata nguvu pale yanapoacha kuomba na kuanza kuthibitisha, na kwamba kwa mfanyakazi wa Kariakoo na katikati ya jiji la Dar es Salaam, ambaye kazi yake kwa desturi haiachi karatasi, uthibitisho huo unapaswa kukusanywa kabla ya barua kuandikwa, na mara nyingine kabla ya ajali yenyewe kutokea.

Msingi wa kisheria upo, tena ni imara kuliko watu wengi wa sokoni wanavyodhani. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, iliyotungwa mwaka 2008 na ambayo sasa ni Sura ya 263, ndiyo iliyoanzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, na michango ya waajiri ikaanza kukusanywa Julai 2015 kwa Tanzania Bara. Kabla ya hapo ilitumika sheria ya enzi ya ukoloni ambayo viwango vyake vya fidia viliachwa nyuma na thamani ya shilingi hadi vikapoteza maana. Sheria mpya ina mambo mawili makubwa. Kwanza, mchango wote unatoka mfukoni mwa mwajiri. Mfanyakazi hakatwi hata senti kwenye mshahara wake. Pili, aliyeumia halazimiki kuthibitisha kwamba bosi wake alikuwa mzembe. Anachotakiwa kuonyesha ni kwamba alikuwa mfanyakazi, kwamba aliumia au kuugua kutokana na kazi, na kwamba madhara yaliyobaki mwilini ni ya kiwango fulani. Mambo haya matatu ndiyo mhimili wa kila dai, na karibu kila barua ya kukataa, au ya kukubali kidogo kuliko ilivyotarajiwa, imesimama juu ya mojawapo, au juu ya muda kupita, au juu ya kiwango cha mshahara kilichotumika kupiga hesabu.

Asiyeridhika na uamuzi wa Mkurugenzi Mkuu wa Mfuko anaweza kuomba uamuzi huo upitiwe upya na Waziri mwenye dhamana ya kazi, na asiporidhika tena njia inafika Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Siku za kufanya hivyo zinahesabika, kwa hiyo tarehe ya kwanza ya kuandikwa kwenye daftari la mlalamikaji ni ile aliyopokea barua ya uamuzi. Jambo linalosahaulika ni kwamba ngazi hizi zinasoma zaidi kuliko zinavyosikiliza. Atakayepitia faili hatamwona mlalamikaji akipanda ngazi kwa shida, hatamsikia akihema, atasoma kurasa. Uzoefu wa nchi zenye mifumo mikongwe unaonyesha kwamba kusoma upya kuna maana yake. Nchini Uingereza, katika malipo ya watu wenye ulemavu yajulikanayo kwa kifupi PIP, kwa miaka mingi zaidi ya nusu ya rufaa zilizofikia kusikilizwa mbele ya baraza ziliishia kwa mlalamikaji kushinda. Hao ni wale waliovumilia hadi mwisho, kwa hiyo takwimu hiyo haisemi kwamba nusu ya uamuzi wote ulikuwa mbovu. Inasema kwamba uamuzi wa kwanza hufanywa kwa kile kilichokuwemo kwenye faili siku ile, na faili likijazwa vizuri zaidi, uamuzi nao unaweza kubadilika.

Tuanze na swali gumu kuliko yote kwa Kariakoo: huyu aliyeumia alikuwa mfanyakazi wa nani? Katika mitaa ya Kongo, Sikukuu, Mchikichi na Aggrey, mtu anaweza kufungua fremu ya tajiri kila asubuhi kwa miaka minne, akapanga mzigo, akapokea makontena usiku, akalipwa fedha taslimu jioni, na asiwe na karatasi hata moja yenye jina lake. Akiumia, jibu la kwanza la tajiri linaweza kuwa kwamba yule ni kibarua tu, au ni kijana wa kusaidia, au ni winga aliyekuwa anajitafutia wateja. Hapa ndipo Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 inapaswa kutajwa kwa namba ndani ya maelezo ya rufaa. Kifungu chake cha 61 kinasema kwamba mtu anayefanya kazi kwa mwingine atachukuliwa kuwa ni mwajiriwa, hadi ithibitishwe vinginevyo, ikiwa kuna hata jambo moja tu kati ya yaliyotajwa: kwamba namna anavyofanya kazi au saa zake za kazi zinaongozwa na mwingine, kwamba ni sehemu ya shughuli za taasisi anayoifanyia kazi, kwamba amemfanyia kazi mtu huyo kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, kwamba kiuchumi anamtegemea huyo anayemfanyia kazi, kwamba vifaa anapewa naye, au kwamba hana mwingine anayemfanyia kazi. Saa 45 kwa mwezi kwa kijana wa duka la Kariakoo hutimia kabla wiki ya kwanza haijaisha.

Inaweza kusemwa kwamba sheria ya fidia ina tafsiri yake yenyewe ya mfanyakazi, na kwamba kifungu cha sheria nyingine hakiwezi kuazimwa kirahisi. Pingamizi hilo lina uzito, lakini halimwangushi mlalamikaji aliyejiandaa. Kifungu cha 61 chenyewe kinajitaja kuwa ni kwa ajili ya sheria za kazi, na hata pale msomaji wa faili atakapoamua kutokitumia, maswali kinayouliza ndiyo maswali ambayo yeyote anayetaka kujua kama kulikuwa na ajira atayauliza: nani alikuwa anatoa amri, nani alikuwa analipa, kwa vifaa vya nani, kwa saa ngapi. Aidha, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, nayo ya mwaka 2004, katika kifungu cha 15 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi, na pakitokea shauri mwajiri akashindwa kuyaonyesha, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti la ajira linalodaiwa unamwangukia yeye. Kutokuwa na mkataba wa maandishi, ambako wafanyakazi wengi hukuona kuwa ni udhaifu wao, kunaweza kugeuzwa kuwa swali analotakiwa kulijibu tajiri. Lakini hakujigeuzi kwenyewe. Lazima aya moja ya maelezo iseme waziwazi: nilifanya kazi kwa mtu huyu, tangu mwezi huu wa mwaka huu, kwa saa hizi, nikilipwa kiasi hiki, na hakuwahi kunipa maelezo ya maandishi niliyostahili kupewa.

Kila neno la aya hiyo linahitaji kitu cha kuliegemeza, na hapa uchunguzi wa karibu unalipa. Kazi ya Kariakoo haiachi mkataba, lakini inaacha alama nyingi ndogondogo kwa anayejua pa kuzitafuta. Tajiri anayelipa kwa simu ameacha orodha ya miamala yenye jina, tarehe, saa na kiasi, na kampuni ya simu inaweza kumtolea mteja taarifa ya miamala yake ya miezi iliyopita. Kundi la WhatsApp la duka lina ujumbe wa saa kumi na mbili asubuhi unaosema nani akapokee mzigo stoo, nani abaki kaunta. Wakala wa mabasi yaendayo mikoani ana risiti ya kifurushi yenye jina la aliyekipeleka. Mlinzi wa jengo la ghorofa ana daftari la waingiao usiku, na kwenye usiku wa kushusha kontena majina ya vijana wa kazi huandikwa. Mama lishe anayeleta chakula dukani kwa hesabu ya mwisho wa wiki ana daftari lake la madeni, na humo jina la kijana linaonekana siku baada ya siku, limeandikwa chini ya jina la duka la tajiri. Ushahidi kama huu, kipande kimoja kimoja, mtu anaweza kuudharau. Ukipangwa kwa tarehe, ukapewa alama za viambatisho na kutajwa ndani ya barua mahali unapohusika, unakuwa mgumu kuupinga kuliko mashahidi watatu waliosema kwa ujumla tu kwamba wanamfahamu mhusika na ni mtu mwema.

Namna ya kuandika maelezo ya mashahidi nayo inahitaji mabadiliko. Barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa inayosema "namfahamu mhusika kuwa ni mkazi wa mtaa wangu na ni mwenye tabia njema" inathibitisha makazi na tabia, vitu viwili ambavyo havikubishaniwa. Maelezo ya mbeba mizigo mwenzake aliyeshika upande wa pili wa belo siku ile, yanayosema walikuwa ghorofa ya ngapi, ngazi ilikuwa imelowa au kavu, nani aliwatuma, na saa ngapi walimbeba kumpeleka hospitali, yana thamani mara nyingi zaidi. Yakiapwa mbele ya wakili au kamishna wa viapo yanakuwa na nguvu ya kiapo. Shahidi aeleze alichokiona kwa macho yake tu. Akianza kueleza kwamba tajiri yule ni mkatili na familia ya majeruhi inateseka, msomaji wa faili ana haki ya kujiuliza kama shahidi alikuwepo au ameletwa.

Kuna ubaya mmoja wa ushahidi wa sokoni ambao sijaona ukipewa uzito unaostahili, nao ni kwamba ajali inayomuumiza mfanyakazi inaweza kuteketeza na rekodi za kazi yake. Soko Kuu la Kariakoo, jengo lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka katika eneo hilohilo la Kariakoo, watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha na wengine wengi wakatolewa kwenye kifusi wakiwa na majeraha. Katikati ya jiji kumbukumbu ya jengo la ghorofa 16 lililoanguka tarehe 29 Machi 2013 na kuua watu 36 bado ni mbichi. Katika matukio ya namna hii, daftari la mahudhurio, vitabu vya stakabadhi, mashine ya risiti na kamera za duka vyote vimo ndani ya moto au chini ya zege, na mara nyingine tajiri mwenyewe hayupo tena kuulizwa. Kwa hiyo ushahidi uliohifadhiwa mahali pa kazi pekee ni ushahidi uliowekwa rehani. Picha ya ukurasa wa daftari iliyotumwa kwa ndugu aliye Mbagala au Gongo la Mboto, barua pepe yenye nakala ya kitambulisho cha kazi, miamala iliyotolewa kwa kampuni ya simu: hivi vinabaki hata jengo lisipobaki. Vyama vya wafanyakazi na watoa msaada wa kisheria wangefanya jambo kubwa kama wangefundisha hilo kabla ya tukio lingine kutokea.

Sasa tuje kwenye kiwango cha ulemavu, eneo ambalo barua za huruma hupoteza zaidi. WCF hulipa ulemavu wa kudumu kwa asilimia. Ukiwa hauzidi asilimia 30, malipo ni ya mkupuo, mara moja. Ukizidi hapo, ni pensheni ya kila mwezi. Kwa mtu wa miaka 28 mwenye familia, tofauti ya 30 na 31 ni tofauti ya fedha zinazolipwa mara moja na fedha zinazokuja kila mwezi. Asilimia hizo hupatikana kwa daktari kutathmini mwili kwa kufuata jedwali la sheria na miongozo ya tathmini. Jedwali linahesabu kiungo na utendaji wake. Halihesabu kwa upana uleule kazi ambayo mtu alikuwa akiifanya. Mbeba mizigo wa Kariakoo na karani wa benki ya Mtaa wa Samora wakiumia bega lilelile wanaweza kupata asilimia ileile, ingawa karani atarudi kazini baada ya miezi michache na mbeba mizigo hatainua tena gunia la kilo mia. Hilo linauma, na mimi naona ni kasoro ya mfumo inayostahili kujadiliwa bungeni. Lakini rufaa ya mtu mmoja haiwezi kubadilisha jedwali. Kurasa tatu za kueleza kwamba kazi ya kubeba mizigo ndiyo pekee aliyoijua maishani hazimpi msomaji kitu cha kuongeza hata asilimia moja.

Kinachoweza kuongeza ni kuonyesha kwamba tathmini iliacha kitu. Je, daktari alipima mkono unafika wapi ukiinuliwa, au aliandika tu kwamba mfupa umeunga? Je, ganzi ya vidole viwili, iliyoandikwa kwenye kadi ya kliniki ya Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) mara tatu, imo kwenye ripoti ya mwisho? Je, tathmini ilifanyika kabla mwili haujatulia, wakati upasuaji wa pili ulikuwa umeshapangwa? Je, jeraha la mguu lililosababisha kutembea kwa kuchechemea limeleta maumivu ya nyonga ambayo hayakuwepo? Maswali haya yanajibika kwa karatasi, na karatasi hizo ziko hospitali. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mtu haki ya kuzifikia taarifa zinazomhusu, kwa hiyo kuomba nakala ya faili lako Amana, Mnazi Mmoja au Muhimbili si kuomba fadhila. Aliyezipata azisome pamoja na daktari mwingine, aombe maoni ya maandishi yanayotaja hasa kilichoachwa, na kwenye rufaa aombe tathmini mpya kwa sababu hizo zilizotajwa. Ombi lenye sababu tatu zenye kurasa zake ni zito kuliko ombi la jumla la kuangaliwa upya.

Mambo yanabadilika kabisa mtu huyohuyo anapodai pensheni ya ulemavu ya Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF. Huko swali ni uwezo wa kujipatia kipato: kama umepungua kwa theluthi mbili, kwa uthibitisho wa bodi ya madaktari, na kama mwanachama ametimiza michango inayotakiwa. Ajali si lazima iwe ya kazini. Sasa ile historia ya kazi, isiyosaidia sana mbele ya jedwali la WCF, inakuwa kiini cha dai: elimu yake iliishia wapi, amefanya kazi gani tangu ana miaka 17, uzito gani alikuwa akibeba, kwa siku alipata kiasi gani na sasa anapata nini, amejaribu kazi gani nyingine na kwa nini imeshindikana. Mifuko hii miwili inauliza maswali mawili tofauti juu ya mwili mmoja. Steshenari inayochapa barua moja na kubadilisha anwani tu imempa mteja barua ambayo lazima ikosee mahali pamoja. Naamini hili ni miongoni mwa makosa ya gharama kubwa katika maandalizi ya madai haya, na kulirekebisha hakuhitaji wakili. Kunahitaji mtu asome sababu ya kukataliwa neno kwa neno kabla ya kuandika mstari wa kwanza.

Wapo watakaosema kwamba mtazamo huu unavunja desturi yetu ya heshima; kwamba mdogo akizungumza na ofisi ya serikali anaomba, hadai, na kwamba barua kali itamfanya afisa akaze kamba. Heshima sina ugomvi nayo. Barua inaweza kuanza kwa salamu na kumalizika kwa shukrani, na katikati ikasema bila kupindapinda: uamuzi wenu wa tarehe fulani, Kumb. Na. fulani, ulisema sikuwa kazini. Viambatisho A hadi D vinaonyesha nilitumwa na mwajiri kupeleka mzigo stendi ya Magufuli. Kwa sababu hiyo naomba uamuzi ubadilishwe. Hakuna tusi hapo. Tena barua ya namna hii inamheshimu afisa zaidi, kwa sababu inamwekea mezani kitu anachoweza kukitumia kuhalalisha uamuzi mpya mbele ya wakaguzi wake. Afisa mwenye huruma aliyepewa machozi bila ushahidi amewekwa mahali pagumu: akilipa, anajibu hoja ya ukaguzi, asipolipa, anabeba lawama.

Pingamizi la pili ni kwamba mambo haya ni ya mawakili. Mahakamani, ndiyo, wakili anasaidia sana. Ila ngazi za mwanzo hazihitaji lugha ya mahakama, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, ambao wapo jijini, pamoja na mashirika kama Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu yanayotoa msaada bila malipo. Kikwazo kilichokuwa kikubwa, cha lugha, nacho kimepungua kwenye karatasi: marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yamekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki. Bado ripoti za daktari huandikwa kwa Kiingereza, kwa ufupisho ambao hata mwenye Kiingereza kizuri hauelewi, na mtu anatakiwa kupinga hitimisho asiloweza kulisoma. Kwa maoni yangu, kila barua ya uamuzi wa ulemavu inapaswa kuambatana na maelezo ya Kiswahili yanayosema kiungo gani kilipimwa, kilipataje asilimia hiyo, na nini hakikuhesabiwa. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009 na kutunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010. Mtu aliyepoteza uwezo wa kuona kazini, au mikono yote miwili, hawezi kuambiwa asome na kuandika kama wengine kisha tukasema amepewa nafasi sawa ya kukata rufaa.

Pingamizi zito zaidi ni la udanganyifu. Ukiwafundisha watu namna ya kuandika, wanasema wengine, utawafundisha na waongo. Nadhani ni kinyume chake. Mwongo hustawi kwenye barua ya jumla, isiyo na tarehe wala saa, ambayo haiwezi kukaguliwa. Anayelazimika kutaja siku, ghorofa, namba ya muamala na jina la aliyemtuma anajiweka wazi kwa ukaguzi katika kila mstari. Fomu ya polisi, PF3, iliyotolewa wiki mbili baada ya ajali inayodaiwa itaulizwa kwa nini ilichelewa, na mkweli atakuwa na jibu: alikuwa hajitambui wodini, na kadi ya kulazwa inaonyesha hivyo. Mfuko unaotaka kujilinda dhidi ya madai ya uongo una kila sababu ya kupenda maelezo yaliyoandikwa kwa undani.

Wanabaki wale ambao hata barua bora kuliko zote haiwezi kuwaingiza: machinga mwenye meza yake, mama lishe mwenye jiko lake, mbeba mizigo anayebebea watu ishirini tofauti kwa siku. Hawa hawana mwajiri wa kuwachangia WCF, na njia iliyo wazi kwao ni uanachama wa hiari wa NSSF, ambao unadai michango ya kila mara kutoka kwa kipato kisicho cha kila mara. Kwa machinga na mama lishe jibu ni la kisera na litachukua muda. Kwa wabeba mizigo hali ni tofauti kidogo, kwa sababu wengi wao hawabebei watu ishirini. Wana wafanyabiashara wawili au watatu wa jumla wanaowaita kila siku, na tatizo ni kwamba hakuna mahali uhusiano huo umeandikwa. Shirika la Masoko ya Kariakoo, lililoundwa kwa sheria mwaka 1974 na kukabidhiwa kusimamia soko, lina mamlaka juu ya nani anaingia sokoni na kwa shughuli gani. Likiwa na rejista ya wabeba mizigo, yenye namba kwa kila mtu na majina ya wafanyabiashara wanaompa kazi, ikihuishwa kila mwezi na nakala yake kuhifadhiwa nje ya soko, ingewezekana kujua nani ni mfanyakazi wa nani, nani anapaswa kumchangia, na nani anajitegemea kweli. Mahali pa kuanzia ni Shimoni, sehemu ya chini ya soko hilo, kwenye biashara ya jumla ya mazao, ambako magunia hushushwa alfajiri na watu walewale, kwa wafanyabiashara walewale, na ambako mzigo ukimwangukia mtu leo ushahidi pekee wa kwamba alikuwa kazini ni kumbukumbu ya waliomwona.